Kurasa Mbili za Mwaka Mmoja

Somo: Luka 13:1-9



Ni desturi ya watu wengi, mwaka unapokaribia kwisha, kuketi na kuhesabu. Mwenye duka huhesabu mali yake, mkulima huhesabu magunia yake, na mhazini wa usharika huhesabu sadaka mbele ya wazee. Nasi tunaoandika maneno haya tuna hesabu yetu, tuliyoirithi kwa baba yetu mzazi, ambaye alikuwa mwalimu wa kikristo katika mtaa mmoja wa mlimani Kilimanjaro. Yeye alikuwa na daftari. Ukurasa wa kushoto aliandika habari za ulimwengu, kama alivyozisikia katika redio au kuzisoma gazetini. Na ukurasa wa kulia aliandika mambo ya nyumbani mwake: nani amezaliwa, nani amezikwa, mvua imenyesha lini, kahawa imepata bei gani. Mwisho wa mwaka alitukusanya sisi watoto wake, akazisoma kurasa zote mbili kwa sauti, kisha akaomba. Wakati ule hatukujua kwa nini alizitenga kurasa hizo. Sasa twadhani tumejua.

Leo twapenda kuwaeleza tuliyoyaona katika daftari letu wenyewe la mwaka 2023. Mwaka ule umekwisha kupita, wala hatuandiki ili kuwapa habari, maana habari zake mlizisikia. Twaandika kwa sababu daftari lile lilituuliza swali, nalo swali hilo hatukuweza kulijibu kwa usiku mmoja. Swali lenyewe ni hili: Je, ni dhambi moyo wa mtu kuhuzunika zaidi kwa jambo dogo la nyumbani mwake kuliko kwa msiba mkubwa wa watu wa mbali?

Kwanza tusome ukurasa wa kushoto.

Tarehe 6 Februari, siku ya Jumatatu, kabla ya mapambazuko, nchi ilitetemeka katika Uturuki na Shamu, nyumba zikawaangukia watu vitandani mwao. Mchana wake ikatetemeka tena kwa nguvu. Walikufa watu zaidi ya 50,000. Katika miji iliyobomoka sana mmoja ni Antakya, nao ndio Antiokia ya Biblia, mji ambao wanafunzi wa Yesu waliitwa Wakristo mara ya kwanza. Mwezi wa Machi tufani iliyoitwa Freddy, iliyokuwa imezunguka baharini muda wa zaidi ya mwezi mmoja, ilishusha mvua juu ya Malawi, na katika mji wa Blantyre udongo wa vilima ukateremka juu ya nyumba za maskini. Waliokufa na wasioonekana walipita 1,000. Mwezi ule ule, tarehe 21, ikatangazwa kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia mkoa wa Kagera. Watu 6 walikufa, na kati ya wagonjwa walikuwamo waliokuwa wakiwauguza wenzao. Tarehe 2 Juni ikatangazwa kwamba ugonjwa umekwisha, nasi tulimshukuru Mungu.

Tarehe 15 Aprili, mwezi wa Ramadhani ukielekea mwisho, majeshi mawili ya nchi moja yalianza kupigana ndani ya mji wa Khartoum, nchini Sudani, na kabla ya mwaka kwisha mamilioni ya watu walikuwa wameyakimbia makao yao. Mwezi wa Septemba, katika mji wa Derna nchini Libya, mabwawa mawili yalipasuka usiku kwa mvua kubwa, maji yakawachukua maelfu ya watu mpaka baharini. Tarehe 7 Oktoba wapiganaji wa Hamas waliingia Israeli wakawaua watu wapata 1,200, wakachukua mateka wengi. Na katika vita vilivyofuata huko Gaza, kabla ya Krismasi, hesabu ya waliokufa iliyotolewa na wakuu wa afya wa huko ilikuwa imefika 20,000, nao wengi walikuwa wanawake na watoto. Katika waliouawa siku ile ya kwanza walikuwamo vijana wawili wa nchi yetu Tanzania, waliokwenda Israeli kujifunza kilimo. Basi habari tuliyoidhani kuwa ya mbali ikaingia katika nyumba za watu wetu.

Haikuwa misiba tu. Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri lilitimiza miaka 60 tangu tarehe 19 Juni 1963, siku makanisa saba yalipojifunga kuwa kanisa moja. Mwezi wa Septemba wajumbe wa makanisa ya Kilutheri ya dunia walikutana Kraków, nchini Poland, chini ya neno la mwili mmoja, Roho mmoja na tumaini moja. Mwezi wa Oktoba Shirika la Afya la Ulimwengu likakubali chanjo ya pili ya malaria kwa watoto. Mambo hayo tuliyaandika kwa mistari michache, maana habari njema haipigi kelele.

Na mwisho wa ukurasa: tarehe 3 Desemba, Jumapili ya kwanza ya Majilio, alfajiri, mlima Hanang uliteremsha matope, mawe na miti juu ya mji wa Katesh na vijiji jirani, mkoani Manyara. Walikufa watu zaidi ya 80. Tulikuwa tumekwisha kuvaa nguo za kwenda ibadani habari ilipotufikia.

Sasa tusome ukurasa wa kulia.

Mwezi wa Februari ng'ombe wetu wa maziwa, mwenye mimba ya miezi saba, alianguka zizini akafa. Tarehe 16 Aprili, Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, mjukuu wetu alibatizwa. Mwezi wa Juni mke wetu aliugua kifua, akapona. Mwezi wa Agosti kahawa ilikuwa nzuri. Mwezi wa Oktoba tulimzika jirani aliyetufundisha kuimba. Na kati ya mambo hayo yote, tangu Januari mpaka Desemba, neno moja limerudiwa mara kumi na moja: mpaka. Hilo tutalirudia baadaye.

Tulipokuwa tukisoma usiku wa tarehe 31 Desemba, jambo moja lilitushtua. Msiba wa Antiokia tumeuandika kwa mistari mitatu. Kifo cha ng'ombe tumekiandika kwa ukurasa mzima. Tumeandika jinsi alivyolia, jinsi mganga wa mifugo alivyochelewa, jinsi tulivyomfunika majani ya migomba ili watoto wasimwone. Watu 50,000, mistari mitatu. Ng'ombe mmoja, ukurasa mzima. Tukaona haya, kama mtu aliyekutwa akila peke yake.

Je, ilikuwa dhambi? Tulitaka kujibu upesi kwamba ndiyo, maana mtu akijihukumu upesi hujiona mwema. Walakini tulipolifikiri zaidi tuliona kwamba jibu hilo si la kweli lote. Ng'ombe yule alikuwa ada ya shule ya binti yetu. Alikuwa kikombe cha uji cha mke wetu mgonjwa. Sisi ndio tuliokabidhiwa kumlisha, wala hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyekabidhiwa kazi hiyo. Mungu hakumpa mwanadamu moyo wa kubeba watu wote kwa kipimo kimoja. Mama akimlilia kila mtoto wa dunia kama anavyomlilia mtoto wake, hatapata nguvu ya kupika chakula cha jioni, na watoto wake watalala njaa kwa sababu ya huruma yake. Yeye peke yake asiyelala wala kusinzia ndiye awezaye kuhesabu nywele za vichwa vyote. Kutaka kuwa na moyo mpana kama wa Mungu kwaweza kuwa majivuno yaliyovaa nguo ya upendo.

Tena Dokta Martin Luther alitufundisha kwamba Mkristo humtumikia Mungu katika wito wake: baba katika ubaba wake, mwalimu katika darasa lake, mkulima katika shamba lake. Upendo hupewa mikono, na mikono ina urefu wake. Basi kuhuzunika kwa ajili ya kilicho mikononi mwetu si dhambi. Aliyempoteza mwanawe mmoja asiambiwe kwamba mahali pengine wamekufa elfu. Msiba haupungui kwa kulinganishwa na msiba.

Tulifika hapo, tukafarijika, tukataka kulifunga daftari. Lakini twawaonya ninyi waalimu, mtakaofundisha neno hili, msilifunge hapo. Maana faraja hiyo ina mlango wa nyuma, na kupitia mlango huo mtu aweza kutoka na kulisahau kabisa tabu la wenzake. Yule tajiri wa Luka 16 hakumpiga Lazaro wala hakumfukuza. Yeye naye angeweza kusema kwamba ana nyumba ya kuangalia na ndugu watano wa kuwafikiri. Lakini Lazaro alikuwa mlangoni pake. Alikuwa karibu kwa hatua, naye alikuwa mbali kwa moyo. Basi tukajiuliza: umbali hupimwa kwa nini? Je, hupimwa kwa maili? Na kama haupimwi kwa maili, ni nani katika daftari letu aliye mbali kweli?

Hapo ndipo macho yetu yaliposimama juu ya lile neno lililorudiwa mara kumi na moja.

Wasomaji wetu wa mlimani wajua masale. Ndiyo mimea ipandwayo kuonyesha mwisho wa kihamba cha mtu na mwanzo wa kihamba cha mwenziwe. Katika ukame masale ya upande mmoja wa shamba letu yalikauka, na mwaka 2021 tukapanda mengine, kwa kukisia tu mahali yalipokuwa. Ng'ambo yake kuna mfereji mdogo wa maji, na ng'ambo ya mfereji anakaa kaka yetu, mwana wa baba yetu mkubwa. Akaja akasema, «Mdogo wangu, umeingia kwangu.» Tukasema, «Hapana, kaka, tumepanda pale pale.» Akasema mara ya pili, tukajibu mara ya pili kwa sauti zaidi. Mara ya tatu hakusema. Akageuka akaenda zake. Tangu siku hiyo tulionana ibadani, tukashiriki meza moja ya Bwana, wala hatukuamkiana. Mwaka wa kwanza ukapita, na wa pili ukaelekea kwisha.

Ndugu zetu, tazameni sasa kurasa hizi mbili zikiwa pamoja. Tarehe 16 Aprili, mjukuu wetu alipobatizwa, tulisimama mbele ya usharika tukawaombea watu wa Sudani, kwa kuwa vita vilianza jana yake. Tulimwomba Mungu ailainishe mioyo ya majemadari wawili wanaogombea nchi moja. Tuliomba kwa machozi, na machozi hayakuwa ya unafiki. Na kaka yetu alikuwa ameketi benchi la tatu nyuma yetu, wala hatukumwalika kula chakula cha ubatizo. Mwezi wa Oktoba tuliiombea Nchi Takatifu, ambako watu wa baba mmoja Ibrahimu wanamwaga damu kwa ajili ya ardhi. Siku ile ile, katika ukurasa wa kulia, tumeandika: «Leo yule ng'ambo amefyeka majani mpaka kwenye masale yetu. Tusimwachie.»

Wazee walisema kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sisi tuliuona upumbavu wa vita katika kila nchi isipokuwa katika kihamba chetu.

Hapa twapenda tulitazame somo letu, Luka 13. Watu walimletea Bwana Yesu habari za ulimwengu wa siku zao: Pilato amewaua Wagalilaya wakati walipokuwa wakitoa sadaka. Bila shaka walitaka aseme neno juu ya Pilato, au juu ya wale waliouawa, kama walikuwa na dhambi gani. Yeye mwenyewe akaongeza habari ya pili, ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Moja ilikuwa habari ya ukatili wa mtawala, na ya pili ilikuwa habari ya ajali tu. Ndizo habari za namna mbili zinazoujaza ukurasa wa kushoto hata leo. Basi akajibu nini? Kwanza alikataa kabisa kusema kwamba waliokufa walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Hilo tulishike sana, maana hata baada ya Katesh walikuwapo watu waliotaka kuhesabu makosa ya marehemu. Neno hilo Bwana amelifunga. Kisha akawageukia waleta habari wenyewe, akawaambia watubu.

Zamani jibu hili lilituonekania kuwa kali. Watu wanaleta kilio, naye anawauliza juu ya maisha yao! Lakini mwaka ule tulifahamu kwamba ilikuwa huruma. Alijua kwamba habari ya mbali yaweza kumfanya mtu mtazamaji tu, aketiye kibarazani na kuhukumu wafalme, na kumwacha vilevile alivyokuwa. Hakuwakataza kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika bila kugeuka.

Tulifundishwa hayo na mama yetu mzazi, asiyejua kusoma. Jumapili ya pili ya Majilio, tarehe 10 Desemba, usharika wetu ulitoa sadaka ya pekee kwa ajili ya watu wa Katesh. Alasiri tulikuwa nyumbani tukikunja mablanketi mawili na kuyafunga kwa kamba. Mama alikuwa ameketi karibu na moto, akitutazama. Akauliza, «Katesh ni mbali?» Tukasema, «Mbali sana, mama.» Akanyamaza kidogo, akasema, «Mwanangu, umefanya vema kufika mbali sana. Kwa kaka yako ni kuvuka mfereji tu.»

Hatukumjibu. Tulikaza kamba, tukapeleka mablanketi. Lakini juma lile lote hatukupata usingizi mzuri, na neno la Mathayo 5, lile la kuiacha sadaka mbele ya madhabahu na kwenda kwanza kupatana na ndugu, lilikuwa kama jiwe kiatuni. Tulilijua tangu utoto. Tulikuwa tumelifundisha kwa vijana wa kipaimara.

Jumamosi tarehe 16 Desemba tulikata jani la sale. Ninyi mnaotoka nchi nyingine hamjui, basi tuwaeleze: mmea ule ule unaopandwa kuwa mpaka ndio ambao wazee wetu Wachaga walichukua jani lake walipokwenda kuomba msamaha. Sisi tulikuwa tumeutumia kwa kazi moja tu. Tukavuka mfereji. Tukasimama uani, tukasema, «Shikamoo, kaka.» Alikuwa akimenya ndizi. Hakuitikia mara moja. Alilitazama lile jani muda mrefu, kisha akasema, «Marahaba. Umekuja kuniomba msamaha, au umekuja kuniomba ninyamaze?»

Wapendwa, hilo ndilo swali gumu kuliko yote tuliyoulizwa mwaka ule. Maana kwa kweli tulikuwa tumekuja na moyo wa kusamehe kosa lake. Hatukuja na moyo wa kujua kama sisi ndio wenye kosa. Tulitaka amani, lakini tuliitaka pamoja na migomba. Tukasimama kimya, halafu tukasema, «Tuwaite wazee wapime.»

Wazee wakaja siku ya tatu, wakachimba, wakakuta mashina ya masale ya kale yaliyooza udongoni. Yalikuwa ndani, upande wetu, hatua mbili kamili. Kaka yetu alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza. Migomba mitatu na mibuni minne ikaonekana kuwa katika ardhi yake. Tulilipokea jani letu likikunjwa mikononi mwake, tukamwomba msamaha mbele ya watu, na safari hii tulijua twaomba nini. Yeye akasema, «Mikungu iliyokwisha kutoka, vuna. Ijayo ni yangu.» Krismasi alikuja kula kwetu. Hakuongea sana. Miaka miwili haizibwi kwa sahani moja ya pilau.

Sasa labda msomaji mmoja atauliza: Je, jambo hili liliwafaa nini watu wa Khartoum? Yatupasa kujibu kwa kweli: halikuwafaa kitu. Hakuna risasi hata moja iliyozuiliwa kwa sababu watu wawili wa mlimani wameamkiana. Tusijidanganye kwamba kila tendo dogo la nyumbani huiponya dunia. Vita vya huko vilihitaji watawala wa haki, wapatanishi, na mikate kwa wakimbizi, wala si masale yetu.

Lakini jambo lilitubadilisha sisi tunaoomba, na kuomba nako ni kazi. Kwanza, tumejua jinsi amani ilivyo ghali. Zamani tuliposikia habari za vita tulisema, «Kwa nini wasiache tu?» Sasa twajua kwamba sisi, wana wa babu mmoja, wenye Biblia moja, tusiokuwa na bunduki wala wafu wa kulipiza, tulishindwa kuacha miaka miwili kwa ajili ya hatua mbili za ardhi. Basi hatuwezi tena kuwaombea wapiganao kama mtu mwema aombeavyo wabaya. Twawaombea kama mgonjwa amwombeavyo mgonjwa. Pili, tumejua kwamba mtu aweza kuwa na hakika kabisa, na kukosa kabisa. Tulikisia, kisha tukakiamini kisio chetu kana kwamba tulikuwa tumeona kwa macho. Kila mwenye vita hupanda masale yake usiku, na asubuhi huyaita ya kale.

Tatu, jambo hili halikutuondolea deni la watu wa mbali. Wako watakaosema: kama ni hivyo, kila mtu aangalie jirani yake, nayo Uturuki iangaliwe na Waturuki. Hapana. Kumbukeni Antiokia. Katika Matendo 11 twasoma kwamba Wakristo wa mji ule, waliposikia kwamba njaa inakuja, walitoa kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi, watu ambao wengi wao hawakuwaona kamwe. Basi msaada utokao usharika mmoja kwenda kwa wasiojulikana ulianza katika mji ambao mwaka 2023 ulilala katika vifusi. Sisi tuliopokea injili kutoka kwa watu wa mbali, tutasemaje kwamba walio mbali si wetu? Mablanketi ya Katesh yalikuwa haki. Mama yetu hakusema tusiyapeleke. Alisema tumefanya vema, kisha akatuonyesha mfereji.

Basi jibu la swali letu ni hili, kwa kadiri tulivyolipata. Si dhambi kulia zaidi kwa ajili ya walio karibu. Ni dhambi kuwachagua walio mbali kwa sababu hawatudai migomba, na ni dhambi vilevile kuwachagua walio karibu kwa sababu wanatupenda. Mtu asiyeumiza moyo ni rahisi kumhurumia. Yule anayetudai haki, awe Khartoum au awe ng'ambo ya mfereji, ndiye hupima upendo wetu. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoeleza maana ya mkate wa kila siku, anahesabu humo amani, na marafiki wema, na majirani waaminifu. Tulikuwa tumeisoma orodha ile tangu ujana wetu, tukaomba mkate kila asubuhi, na sehemu moja ya mkate huo tulikuwa tumeitupa wenyewe mferejini.

Krismasi ya mwaka ule, huko Bethlehemu, sherehe za mji ziliachwa kwa sababu ya vita, na katika kanisa la Kilutheri la mji huo walimlaza mtoto Yesu katikati ya vifusi vya mawe badala ya hori. Tulipoiona picha yake hatukuiandika katika ukurasa wa kushoto wala wa kulia. Tuliiandika katikati, penye mshono wa daftari, na hapo ndipo tulipodhani tumejua kwa nini baba yetu alizitenga kurasa mbili: ili zisomwe pamoja mwisho wa mwaka, na kila moja iihukumu nyenziwe.

Ninyi waalimu wa mitaani, twawashauri mwaweke watu wenu desturi hii. Daftari la bei ndogo latosha. Waandike habari za ulimwengu upande mmoja, na za nyumba yao upande wa pili, wala wasifiche kitu. Mwisho wa mwaka wasome yote kwa sauti. Watafute jina linalorudiwa mara nyingi pasipo upendo. Kisha wakumbuke kwamba Bwana Yesu hakulimaliza somo lake kwa mnara wa Siloamu. Aliongeza mfano wa mtini usiozaa, uliopaswa kukatwa, na mtunza shamba aliyeuombea mwaka mmoja zaidi, akaahidi kuupalilia na kuutia mbolea. Kila tarehe 1 Januari ni jibu la ombi hilo. Hatukupewa mwaka mpya kwa sababu tulikuwa bora kuliko watu wa Antiokia, au wa Blantyre, au wa Katesh. Tumepewa kwa kuwa yuko aliyetuombea.

Migomba ile mitatu ingali pale. Kaka yetu hula ndizi zake, na mara kwa mara huleta mkungu kwetu, akiuvusha mfereji begani.

Bwana awabariki, awape mioyo ya kusoma vema.